Kula kivegani kwa jarida la kivejeteriani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu ni wa msomaji aliye na jarida la mapishi ya wasiokula nyama, liwe limenunuliwa kwa muuza vitabu kuukuu au linasomwa kwenye simu, na anataka kupika bila maziwa, mayai, siagi wala asali. Maswali yamepewa namba ili jibu moja lielekeze kwenye jingine.

## Majina na alama

1. Vejeteriani na vegani wanatofautiana wapi hasa?

Vejeteriani hali nyama, kuku wala samaki, lakini kwa kawaida hunywa maziwa na hula mayai, siagi, jibini na asali. Vegani huviacha hivyo vyote. Omena ni samaki, na mchuzi uliochemshwa na mifupa ni wa nyama hata kama hakuna kipande kinachoonekana kwenye sahani. Kwa hiyo "mboga tu" ya jirani yako inaweza isimfae yeyote kati ya hao wawili.

Waadventista wa Kisii na Nyanza wasiokula nyama huwa na maziwa na mayai mezani. Chakula cha kambi au cha mkutano wa kanisa basi kihesabu kuwa cha kivejeteriani mpaka mpishi akuambie vingine.

2. Kwa nini jarida la vejeteriani lihangaike na wavegani? Si wana majarida yao?

Wanayo, na kisa cha kwanza kilianzia hapo hapo. Chama cha Vegetarian Society kiliundwa Uingereza mwaka 1847. Mwaka 1944 Donald Watson na wenzake waliomba jarida la chama hicho liwatengee sehemu ya wasiotumia maziwa. Wakakataliwa, na Novemba ya mwaka huo wakatoa chapisho lao dogo, The Vegan News.

Siku hizi mambo yamegeuka, na sababu ni ya kibiashara: mapishi yasiyo na maziwa wala mayai yanaliwa na wasomaji wote, ilhali ya jibini yanaliwa na baadhi tu. Vegetarian Journal la Baltimore, Marekani, huchapisha mapishi ya kivegani matupu ingawa jina lake ni la vejeteriani. Vegetarian Times, lililoanza mwaka 1974, lilichanganya mapishi ya aina zote mbili. Majarida ya Uingereza hujaza mapishi ya kivegani zaidi katika toleo la Januari, kwa sababu ya kampeni ya Veganuary, ya kula kivegani mwezi huo, iliyoanza mwaka 2014. Ukipata rundo la matoleo ya zamani, anza na ya Januari.

3. Alama ya (V) inamaanisha hakuna maziwa?

Usiichukulie hivyo. Katika majarida ya Uingereza, V kwa kawaida ni vejeteriani, na Ve, Vg au VG ndiyo vegani. Kwingine, hasa Marekani, utakuta V ikisimama kwa vegani na VG kwa vejeteriani, kinyume kabisa. Maana ya alama huandikwa kwenye ukurasa wa yaliyomo au chini ya ukurasa wa kwanza wa mapishi. Isome kila unaposhika jarida jipya, maana hata wahariri hubadilisha mfumo mwaka hadi mwaka.

"Chakula cha mimea" au "msingi wa mimea" ni maneno legevu zaidi. Wengine huyatumia kwa chakula chenye mimea mingi na kijiko cha krimu juu.

4. Pakiti za India zenye nukta ya kijani zinafaa?

Nukta ya kijani ndani ya mraba inamhusu vejeteriani wa Kihindi. Hakuna nyama, samaki wala yai, lakini maziwa, samli na asali vinaruhusiwa. Biskuti, peremende na mchanganyiko wa viungo unaouzwa kwenye maduka ya Kihindi ya Kisumu na Nakuru huwa na nukta hiyo, na unga wa maziwa umo ndani mara nyingi. India ina alama nyingine ya vegani, herufi V ya kijani yenye jani. Usipoiona hiyo, soma orodha ya viungo.

## Kusoma mapishi kabla ya kwenda sokoni

5. Jarida limeandika "kwa wavegani, tumia mbadala". Nitajuaje kama walijaribu kweli?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote hapa, kuliko hata la alama. Kisanduku kidogo cha "fanya iwe ya kivegani" kinaweza kuwa kazi ya mpishi aliyepika mara mbili, au mstari uliochomekwa na mhariri jioni ya mwisho kabla ya kupeleka kurasa kwa mchapishaji. Dalili za kujaribiwa ni hizi:

- Mbadala umepewa kipimo chake. "Gramu 80 za mafuta na vijiko 2 vya maji" ni tofauti na "siagi ya kivegani".
- Kitu kingine kimebadilika pia: muda, moto, kiasi cha maji, au ukubwa wa chombo.
- Jedwali la lishe lina safu mbili.

Usipoona hata moja, pima mwenyewe kwa kuuliza kiungo hicho kinafanya kazi gani. Kikiingia hatua ya mwisho, kama kijiko cha krimu juu ya supu ya karoti au jibini ya kunyunyiza, kiache tu na uongeze ndimu na chumvi kidogo. Kikiingia hatua ya kwanza, mfano "piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe", kinajenga chakula chenyewe na kinahitaji mbadala wa kweli (maswali ya 10 hadi 16). Na kama chakula kimepewa jina la kiungo hicho, kama vile sufle ya jibini, fungua ukurasa mwingine. Keki ya mayai 4 yenye maelezo "tumia mbadala wa yai" ni mtego.

Jambo ambalo wengi hawalioni: mapishi bora kwa vegani mara nyingi hayana kisanduku wala maelezo yoyote, kwa kuwa hayakuwahi kuwa na maziwa. Tafuta sehemu za chakula cha mfungo cha Ethiopia, dengu za India Kusini, na maharagwe ya Meksiko.

6. Ni viungo gani hupita bila kuonekana?

Parmesan, jibini ngumu ya Italia, ndiyo ya kwanza. Hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo haimfai hata vejeteriani, na majarida makini huandika "jibini ngumu ya aina ya Kiitaliano". Sosi ya Worcestershire kwa kawaida ina dagaa wa anchovi. Pesto ya chupa ina jibini. Jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, imo kwenye peremende laini na baadhi ya mtindi. Mvinyo na bia zinaweza kusafishwa kwa utando wa kibofu cha samaki au ute wa yai, na hilo mara nyingi haliandikwi kwenye orodha ya viungo.

Kwa bidhaa za hapa, angalia mkate (upo unaotiwa maziwa), majarini (soma kama kuna maziwa au wei, yaani maji ya maziwa yaliyogandishwa), unga wa supu na vibonge vya mchuzi. Chapati za maji, chumvi na mafuta hazina tatizo, ila kuna wanaokanda kwa maziwa, na mandazi mengi yana yai au maziwa. Mafuta magumu ya kupikia ya mawese ni ya mimea. Samli ya ng'ombe siyo.

7. "Huenda kina chembe za maziwa" kunakifanya kisiwe cha kivegani?

Hapana. Hilo ni onyo kwa mwenye mzio, kwamba mashine ileile imepitisha kitu chenye maziwa. Wavegani wengi hukila. Lakini mgeni wako akiwa na mzio wa maziwa, usimpe, hata kama pakiti ina alama ya vegani.

8. Namba za E, zile za viongezo vya chakula kwenye pakiti, zipi nizikumbuke?

E120 ni rangi nyekundu ya wadudu. E901 ni nta ya nyuki. E904 ni utomvu wa wadudu unaong'arisha peremende na matunda. E966 hutokana na maziwa, na E1105 hutoka kwenye yai. E471 inaweza kuwa ya mimea au ya wanyama, na pakiti haisemi. E322 ni lesithini, kwa kawaida ya soya au alizeti.

9. Vipimo vya majarida ya nje vinanichanganya.

Kikombe cha Marekani ni mililita 240. Kijiko cha mezani ni mililita 15 Uingereza na Marekani, lakini Australia ni 20, na tofauti hiyo inatosha kuharibu keki kwenye beking pauda. Mizani ndogo ya jikoni inakulipa haraka. Misimu ipuuze: "maboga ya Oktoba" ya London hayahusiani na shamba la Kakamega, ambako kalenda ni ya mvua ndefu na fupi.

## Kubadilisha jikoni

10. Nitumie nini badala ya yai moja?

Inategemea yai lilikuwa linafanya nini.

- Kushikanisha (kababu za maharagwe, biskuti): kijiko 1 cha mezani cha mbegu za kitani au chia zilizosagwa, vijiko 3 vya maji, subiri dakika 10 mpaka ivutike. Mbegu nzima za kitani hazishiki, lazima zisagwe.
- Unyevu (keki za ndizi, mafini): gramu 60 za ndizi iliyopondwa. Ladha ya ndizi itabaki, usijidanganye.
- Kuumua: kijiko 1 cha chai cha baikaboneti na kijiko 1 cha mezani cha siki. Changanya mwisho na utie motoni mara moja, gesi haingoji.
- Kimanda: vijiko 3 vya unga wa dengu, ule wa bhajia, na vijiko 3 vya maji, manjano kidogo na chumvi. Chumvi nyeusi ya Kihindi huleta harufu ya yai. Itie mwishoni, moto huiondoa. Unga huu ukiwa mbichi ni mchungu, upike mpaka katikati pakauke.

Mayai 1 au 2 hubadilishwa vizuri. Kuanzia 3, keki haina kiunzi, na mbadala wowote utatoa kitu kama uji uliooka.

11. Keki yangu isiyo na mayai inainuka vizuri halafu inadidimia katikati. Niko Nakuru.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1,130. Hewa ikiwa nyepesi, gesi hupanuka haraka kabla unga haujashikana. Yai lingeshikilia, sasa halipo.

Kwa Nakuru, punguza robo ya beking pauda (badala ya vijiko 2 vya chai, weka kimoja na nusu), ongeza vijiko 2 hadi 3 vya mezani vya majimaji kwa kila kikombe cha majimaji, na pandisha oveni kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Kisumu punguza kidogo tu, kama moja ya nane, na ongeza kijiko 1 au 2 cha majimaji. Tumia chombo kisichozidi sentimita 20, maana kipana zaidi hudidimia hata ukifanya yote sawa. Usifungue mlango kwa dakika 25 za kwanza.

Ukioka kwa sufuria yenye mchanga juu ya jiko, weka makaa mengi juu ya kifuniko kuliko chini. Makaa mengi chini huunguza sehemu ya chini huku juu ikiwa bado majimaji.

Maharagwe nayo huathirika: maji ya Nakuru huchemka karibu nyuzi 94, ya Kisumu karibu 96. Jarida likisema dakika 60, Nakuru hesabu 75 au zaidi, au tumia sufuria ya presha.

12. Maji yaliyochemshia chana yanaumuka kweli kama ute wa yai?

Ndiyo. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha hilo mwaka 2014. Vijiko 3 vya mezani ni sawa na yai zima, vijiko 2 ni sawa na ute wa yai moja.

Loweka gramu 250 za chana usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwenye lita 1 ya maji mapya bila chumvi mpaka ziive. Ziache zipoe ndani ya maji yake, kisha chuja. Ikiwa maji ni mepesi, yachemshe peke yake mpaka yavutike kama ute mbichi. Yapoze kwenye friji, tia matone ya ndimu, piga kwa mashine dakika 8 hadi 10. Yasipoumuka, sababu ni mojawapo ya tatu: maji bado mepesi, chombo kina mafuta, au hayakupoa. Kupiga kwa mkono kunawezekana, kwa mwenye mkono wa kusonga ugali wa watu ishirini.

13. Maziwa ya soya ya dukani ni ghali. Naweza kutengeneza?

Soya inalimwa magharibi, na sokoni hupatikana kavu. Loweka gramu 200 kwa saa 8 hadi 12. Tia kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5 kabla ya kusaga. Moto huo ndio unaoua harufu ya maharagwe mabichi. Sugua maganda yatoke, saga kwenye blenda na lita 1 na nusu ya maji, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha tena dakika 15 hadi 20 ukikoroga. Usikatishe hapa: soya isiyoiva huvuruga tumbo. Pia usidanganywe na povu, kwani hupanda mapema na kumwagika kabla maziwa hayajachemka kweli, kwa hiyo tumia sufuria kubwa mara mbili ya unavyodhani. Utapata karibu lita moja na robo. Friji huyahifadhi siku 3.

Jarida likitaka maziwa lala kwenye keki, tia kijiko 1 cha mezani cha ndimu kwenye kikombe cha maziwa ya soya, subiri dakika 10. Maziwa ya njugu hayagandi vizuri namna hiyo.

14. Kwa nini maziwa ya soya yanakatika kwenye chai?

Chai yetu huchemshwa pamoja na maziwa, na hapo ndipo soya inaposhindwa. Majani ya chai yana asidi na tanini, ule ukali unaokausha ulimi, na moto wa kuchemka hugandisha protini ya soya. Chemsha chai na tangawizi kwa maji peke yake, epua, chuja. Pasha maziwa ya soya yawe moto bila kuchemka, kisha mimina chai ndani ya maziwa polepole. Tui la nazi jepesi halikatiki, ila nazi huku bara ni ya kununua kwa bei.

15. Siagi ninaibadilishaje?

Siagi ni karibu asilimia 80 mafuta, iliyobaki ni maji zaidi. Kwa hiyo gramu 100 za siagi ni gramu 80 za mafuta ya maji na vijiko 1 hadi 2 vya maji. Hii inafaa keki na mikate. Kwa biskuti na ganda la pai, mafuta ya maji hutoa kitu kigumu kama kigae. Tumia mafuta magumu ya mawese yakiwa baridi, na chumvi kidogo, kwa sababu hayana ladha yake.

16. Jarida kila ukurasa linasema "hamira lishe". Iko wapi Kisumu au Kakamega?

Ni punje za njano za hamira iliyouawa, zenye ladha inayokaribia ya jibini. Kwenye maduka ya kawaida ya huku ni nadra. Hamira ya mkate haichukui nafasi yake: iko hai, ni chungu, na itakujaza gesi. Kwa kunyunyiza juu ya tambi, saga vijiko 4 vya simsim au njugu zilizokaangwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, unga wa kitunguu saumu na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Haitakuwa jibini. Itakuwa tamu hata hivyo.

Badala ya panir, jibini ya Kihindi, tengeneza tofu. Pasha lita 1 ya maziwa ya soya ya nyumbani mpaka karibu nyuzi 80, yaani mvuke unapanda na bado hayajachemka. Changanya vijiko 3 vya mezani vya ndimu na nusu kikombe cha maji, mimina nusu, koroga mara moja, mimina iliyobaki, acha dakika 15. Chuja kwa kitambaa, weka uzito juu dakika 30. Maziwa ya pakiti mara nyingi hayagandi kwa sababu ni mepesi.

## Mboga zetu

17. Mrenda, kunde, mito (mitoo) na saga (mgagani) bila maziwa si zitakuwa chungu?

Krimu au maziwa kwenye mboga hizi hupunguza uchungu kwa mafuta yake, na njugu hufanya kazi hiyohiyo. Njugu za Busia na Homa Bay zipo sokoni, na simsim pia, kwa hiyo hili ni badiliko ambalo bibi zetu walilijua kabla jarida lolote halijaandika.

Kwa kilo 1 ya majani mabichi, tumia vijiko 4 vya mezani vilivyojaa vya njugu zilizosagwa laini. Zilainishe kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji mwepesi. Ukizitia kavu moja kwa moja, zinafanya madonge ambayo hayavunjiki tena. Mboga ikiwa imeiva, mimina, punguza moto, koroga dakika 10 hadi 15. Moto mkali huitenganisha: mafuta juu, mashapo chini yameungua. Simsim ikaange mpaka ianze kuruka tu. Ikiwa kahawia sana huongeza uchungu badala ya kuupunguza.

Saga na managu vichemshe, mwaga maji ya kwanza, ndipo utie njugu. Wanaopenda mboga ya kulala, iliyopikwa leo na kuliwa kesho, waipashe moto mpaka ichemke kila siku na waihifadhi kwenye friji.

Mrenda una utelezi wake na hauhitaji njugu nyingi. Nusu ya kipimo inatosha.

18. Munyu wa majivu unaruhusiwa?

Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea hayana kitu cha mnyama. Hulainisha mrenda na kunde haraka. Shida yake ni kwamba huharibu vitamini B1, kwa hiyo tumia kidogo: kijiko 1 hadi 2 vya mezani kwa sufuria ya kilo moja. Utajua umezidisha mboga ikiwa na ladha ya sabuni.

19. Vipande vya soya vikavu vinabaki kama sifongo.

Vinakosa hatua mbili. Viloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika 15, kisha vikamue kwa nguvu mpaka visitoe maji, urudie mara moja. Baada ya hapo vikaange kwenye mafuta mpaka kingo ziwe kahawia kabla ya kutia nyanya. Ukivitia vibichi kwenye mchuzi, vinakuwa vimejaa maji na ladha haina pa kuingia.

## Lishe

20. Je, vitamini B12 ninaipata wapi?

Kwenye vidonge au chakula kilichoongezewa, basi. Hakuna mboga, uyoga, mwani wala udongo kwenye sukuma wiki unaoweza kutegemewa, na jarida likidai vinginevyo limepitwa. Ushauri wa Vegan Society, chama cha wavegani cha Uingereza, ni mikrogramu 10 kila siku kwa kidonge, au 2,000 mara moja kwa wiki, au chakula kilichoongezewa mara mbili au zaidi kwa siku, jumla mikrogramu 3.

Unga wa viwandani wa mahindi na ngano nchini Kenya huongezewa vitamini na madini kwa sheria tangu 2012. Unga wa kusaga posho mill haujaongezewa. Hata ukila wa pakiti, usiufanye tegemeo la B12, chukua kidonge.

21. Na madini ya chuma? Mimi sili nyama na nakunywa chai mara nne.

Chai inaweza kuwa tatizo kubwa. Hushika chuma cha maharagwe na mboga kisiingie mwilini. Kunywa saa moja kabla au baada ya chakula. Ongeza nyanya mbichi, pilipili hoho au ndimu kwenye sahani ya ndengu, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia. Kwa kalisi, sukuma wiki inashinda terere na spinachi, ambazo zina asidi inayoizuia.

## Mambo ya pembeni

22. Asali na sukari je?

Asali ni ya nyuki, kwa hiyo mvegani haitumii, ingawa majarida ya vejeteriani huisahau kila mara. Tumia sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, kiasi kilekile. Suala la sukari kusafishwa kwa makaa ya mifupa ni la viwanda vinavyosafisha sukari mara ya pili, hasa Marekani. Sukari ya kinu ya ukanda wa miwa husafishwa kwa chokaa.

23. Nikila nje niulize nini?

Kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa, uliza kama viazi vinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki, na kama mwiko wa ugali umegusa mchuzi. Kwenye mikahawa ya Kihindi, uliza mambo matatu: samli kwenye dengu, mtindi kwenye unga wa naan, na siagi inayopakwa juu ya chapati. Chakula cha Kijaini, cha Wahindi wa dini ya Ujaini, hakina vitunguu, lakini maziwa yapo. Omba chapati kavu na dengu za mafuta, watakuelewa mara moja.

24. Mapishi haya yanafaa mtoto mchanga au mama mjamzito?

Mengi yanafaa kama chakula cha familia, lakini kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja maziwa ya soya ya swali la 13 hayawezi kuchukua nafasi ya maziwa ya mama wala ya fomula. Mjamzito asikose B12 (swali la 20) na amweleze muuguzi wa kliniki anachokula ili apimwe damu.

25. Nataka kumwambia mhariri kwamba mbadala wao haukufanya kazi. Niandikeje?

Andika kwa ufupi: jina la mapishi, toleo na ukurasa, ulichobadilisha kwa gramu, urefu wa mahali ulipo, aina ya moto, na kilichotokea. "Keki haikufaulu" haimsaidii. "Mbegu za kitani kijiko 1 kwa kila yai, mayai 3, mita 1,850, oveni ya gesi, ilididimia dakika ya 30" inampa mpishi wao kitu cha kurudia. Ambatisha picha ya keki iliyokatwa katikati. Ya juu peke yake haionyeshi kosa.